Fahamu tezi za adrenali, magonjwa yake, na kwa nini hutakiwi kuacha steroidi ghafla

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp: kama unatumia krimu za kujichubua au vile vidonge vya kunenepesha, viache leo leo. Nia ni njema, na ni kweli vitu hivyo havifai. Shida ni hilo neno "leo leo". Mtu aliyetumia vitu vyenye steroidi kwa miezi mingi, akaviacha siku moja, anaweza kuishia kitandani anatapika, presha iko chini kabisa, haelewi kinachoendelea. Asipopata sindano sahihi mapema anaweza kufariki, na ndugu wakabaki wanajiuliza amekufa na nini.

Sababu yake ni tezi mbili ndogo ambazo watu wengi hawajawahi hata kuzisikia. Zinaitwa tezi za adrenali.

Ziko wapi na zinafanya kazi gani

Ziko mbili, kila moja imekaa juu ya figo kama kofia. Moja ina uzito wa gramu 4 au 5 tu. Japo zimekaa jirani na figo, hazichuji mkojo na hazihusiki na kazi ya figo moja kwa moja. Hapa wengi huchanganya: majibu ya vipimo vya figo yakitoka mazuri, haina maana kwamba adrenali ni nzima.

Tezi hii ina sehemu mbili. Kiini chake cha ndani hutoa adrenalini, ile inayofanya moyo uende mbio mbwa akikukurupusha. Gamba la nje ndilo linatengeneza kotisoli, aldosteroni na kiasi kidogo cha homoni za kiume (ndiyo, hata kwa wanawake). Aldosteroni inazuia chumvi isipotee yote kwenye mkojo na inatoa potasiamu iliyozidi. Kotisoli ina kazi nyingi: inashikilia sukari ya damu unapokuwa hujala, inasaidia presha isianguke, na inatuliza kinga ya mwili isifanye vurugu.

Adrenalini ndiyo maarufu, lakini mtu anaweza kuishi hata kama tezi hizi hazitoi adrenalini kabisa. Bila kotisoli hawezi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kotisoli hupanda alfajiri kabla hajaamka na kushuka usiku. Akipata malaria kali, ajali, upasuaji au uchungu wa kujifungua, mwili unaiongeza mara kadhaa ili ahimili. Huko kuongeza ndiko kunakoamua nani atapona na nani atazimika, na tutarudi hapo.

Anayetoa amri ni tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, inaitwa pituitari. Fikiria tanki la maji lenye boya. Maji yakipungua, boya linashuka, pampu inawaka. Maji yakijaa, boya linapanda, pampu inazima. Pituitari inafanya kazi hivyo hivyo: ikiona kotisoli imepungua inaamuru adrenali zitengeneze, ikiona imejaa inanyamaza.

Sasa wewe uanze kulijaza tanki kwa ndoo kila siku. Boya liko juu muda wote, pampu haiwaki. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita. Pampu isiyotumika inashika kutu. Siku utakayoacha kubeba ndoo, tanki linakauka kabla pampu haijakubali kuwaka. Hizo ndoo ni steroidi za kutoka nje.

Steroidi za nje: nzuri, mbaya, na zile usizojua unazo

Tuelewane kwanza. Hapa hatuzungumzii zile za wanyanyua vyuma, hizo ni jamii ya homoni za kiume. Tunazungumzia prednisoloni, deksamethasoni, haidrokotisoni, betamethasoni, klobetasoli na ndugu zao, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi sindano za kotisoni, na mtu aliyekuwa hawezi kutembea vizuri akaanza kutembea ndani ya siku chache. Mwaka 1950 Hench alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Mpaka leo dawa hizi zinaokoa wagonjwa wa pumu, lupasi, mzio mkali na magonjwa mengine kibao. Daktari akikuandikia, usizikimbie.

Kinachotakiwa ni kujua nguvu yake. Mwili wa mtu mzima unatengeneza kotisoli ya siku nzima inayolingana na miligramu 4 au 5 hivi za prednisoloni. Kidonge kimoja kidogo cha deksamethasoni cha miligramu 0.5 nacho kinakaribia hapo. Kwa hiyo anayemeza vidonge vinne kwa siku ili "atokelezee" anaupa mwili wake mara tatu au nne ya unachohitaji.

Na ndiyo maana vinanenepesha. Hivi vidonge huuzwa mitaani, mara nyingi pamoja na dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula, na mteja anaambiwa ni vitamini. Wiki chache baadaye uso umejaa, mashavu yamevimba, watu wanamsifia kapendeza. Kumbe kinachoongezeka si afya. Mafuta yanajikusanya usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku mikono na miguu ikikonda. Ngozi inakuwa nyembamba, inachubuka kwa kuguswa tu, na tumboni na mapajani hutokea mistari mipana ya rangi ya zambarau. Misuli ya mapaja inalegea mpaka mtu anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kujishika mahali. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inakuwa dhaifu.

Krimu watu huzidharau kwa sababu "ni ya kupaka tu". Klobetasoli ni kati ya steroidi kali kuliko zote za ngozi. Daktari wa ngozi huiandika ipakwe sehemu ndogo kwa muda mfupi. Mtu wa mkorogo anaipaka mwili mzima, asubuhi na jioni, miaka miwili, kwenye ngozi ambayo tayari imekuwa nyembamba. Inapenya na kuingia kwenye damu. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, zebaki na haidrokwinoni, lakini anayetembelea maduka ya vipodozi anajua kilichopo kwenye rafu na kilichopo chini ya kaunta. Ile ya kuchanganyiwa kwenye kopo lisilo na lebo ndiyo mbaya zaidi, maana hata muuzaji hajui ameweka kiasi gani.

Njia nyingine ni "dawa ya asili" ya maumivu ya magoti au pumu inayofanya kazi kimuujiza siku ya pili tu. Katika nchi mbalimbali dawa za aina hiyo zilipopimwa zimekutwa na deksamethasoni au prednisoloni ndani. Jani la kweli halina haraka ya namna hiyo.

Halafu kuna kundi ambalo halijafanya kosa lolote. Ni watu wanaotumia ARV zenye ritonavir, ambazo kwetu hutumika zaidi kwenye mstari wa pili wa matibabu. Ritonavir inazuia ini kuvunja baadhi ya steroidi. Mtu huyo akitumia kivutio cha pumu chenye flutikasoni au budesonidi, au akichomwa sindano ya triamsinoloni kwenye goti, dawa inabaki mwilini muda mrefu kuliko kawaida na adrenali zinalala. Kama uko kwenye dawa hizo, mwambie kila daktari kabla hajakuandikia dawa ya pumu au kukuchoma sindano ya kiungo. Kuficha hapa kuna gharama.

Basi, unaachaje?

Ukiwa umetumia steroidi kwa siku chache, mfano prednisoloni siku 5 kwa ajili ya pumu, unamaliza dozi na kuacha, hakuna tatizo. Mpaka hapo wala usiogope. Hesabu inabadilika ukipita wiki 3 au 4 mfululizo kwa dozi inayozidi ile ya asili ya mwili. Kuanzia hapo adrenali huenda zimelala, na dawa inatakiwa kupunguzwa hatua kwa hatua. Kadiri unavyokaribia kiwango cha asili, ndivyo kupunguza kunavyokwenda polepole zaidi. Kwa mwingine ni wiki kadhaa, kwa mwingine ni miezi, na wapo wanaopita mwaka ndipo tezi zinaamka.

Kwa hiyo kama umekuwa ukitumia krimu hizo au vidonge hivyo, nenda hospitali ukiwa navyo mkononi. Beba kopo, beba tyubu, beba hata karatasi iliyofungia vidonge. Sema umetumia muda gani na kiasi gani. Wengi wanaona aibu, wanamwambia daktari "najisikia kuchoka tu", halafu wanapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na paracetamol. Daktari hajakaa pale kukukamata. Anaweza kukupa steroidi ya kipimo kinachojulikana ili apunguze taratibu, badala ya kukuacha udondoke.

Dalili kwamba tezi zimelala na dawa imekatika ni uchovu usioisha, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, viungo kuuma, kizunguzungu ukisimama, sukari kushuka. Zinafanana na kila kitu, na hiyo ndiyo shida yake.

Ugonjwa wa Addison: tezi zenyewe zinapoharibika

Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu kuhusu wagonjwa 11 waliokuwa wamechoka, wamekonda na ngozi zao zimebadilika kuwa nyeusi. Walipofariki na kupasuliwa, tezi za juu ya figo zilikutwa zimeharibika, na kwa sehemu kubwa yao mharibifu alikuwa kifua kikuu au saratani. Wakati huo hakuna aliyekuwa anajua tezi hizo zina kazi gani.

Leo Ulaya na Marekani sababu kuu ni kinga ya mwili kushambulia tezi zake yenyewe. Kwetu hali hiyo pia ipo, ila TB bado haijaondoka kwenye orodha, na VVU isiyodhibitiwa hufungua mlango kwa maambukizi mengine yanayofika hadi kwenye adrenali. Saratani zinazosambaa nazo hupenda kutua hapo.

Ugonjwa unakuja polepole. Mtu anachoka, anapungua uzito, chakula hakipandi, tumbo linauma bila mpangilio, akisimama anaona giza. Wengine wanatamani chumvi kupita kawaida, analamba chumvi ya mezani au anakunywa maji ya kachumbari. Anapimwa malaria, haipo. Anapimwa taifodi, anapewa dawa. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Miezi inapita, familia inaanza kuzungumza kuhusu jirani.

Alama inayosaidia zaidi ni rangi ya ngozi kuwa nyeusi kuliko mwanzo, na hapa vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa weupe havitusaidii sana. Kwa mtu mweusi mabadiliko hayo hayaonekani kirahisi. Angalia mistari ya viganja, vifundo vya vidole, makovu mapya, ulimi na fizi. Ni kweli wengi wetu tumezaliwa na fizi zenye weusi, kwa hiyo swali la kuuliza ni kama umeongezeka. Picha ya zamani kwenye simu au kitambulisho ni kipimo cha bure, na mama au mke ndiye anayejua kama mtu amebadilika.

Weusi huo unatokea kwa sababu pituitari inapiga kelele kuamuru tezi ambazo haziwezi kujibu, na homoni yake ya kuamuru huchochea pia rangi ya ngozi. Kwa aliyelaza tezi zake kwa steroidi za nje, pituitari imenyamaza, kwa hiyo hawezi kuwa mweusi. Usisubiri alama hiyo kwake.

John F. Kennedy, rais wa Marekani kuanzia 1961, alikuwa na ugonjwa huu. Aligunduliwa London mwaka 1947, akatibiwa kwa homoni, na wasaidizi wake wakakanusha hadharani wakati wa kampeni ya 1960. Ametawala nchi kubwa akiwa anameza steroidi kila siku. Mgonjwa wako wa Kariakoo au Kisumu naye anaweza kufanya kazi yake.

Kitu kimoja ambacho wahudumu wa kliniki za TB wanatakiwa kukikumbuka: rifampisini, dawa ya msingi ya TB, inalifanya ini livunje kotisoli kwa kasi. Mgonjwa ambaye adrenali zake zimeshaliwa na TB anaweza kuzidiwa siku au wiki chache baada ya kuanza dawa sahihi kabisa. Ndugu wanasema dawa ya TB ndiyo imemmaliza. Akianza kutapika na presha kushuka, suala la adrenali linatakiwa liulizwe. Na anayejulikana kuwa na Addison akianza rifampisini, dozi yake ya steroidi kwa kawaida huongezwa.

Mama aliyetoka damu nyingi

Mara nyingine adrenali ni nzima ila bosi wake amekufa. Mama akipoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, pituitari inaweza kukosa damu na kufa. Inaitwa sindromu ya Sheehan, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1937. Dalili ya kwanza ni maziwa kutotoka kabisa. Halafu hedhi hairudi, anachoka, anasikia baridi, nywele za kwapa zinapungua. Anaweza kukaa hivyo miaka, mpaka siku atakapopata homa kali na kuzimika. Ukimwona mama wa namna hii, muulize alivyojifungua mara ya mwisho. Madaktari humwanzishia kotisoli kwanza ndipo homoni ya thairoidi ifuate, kwa sababu kuanza na ya thairoidi peke yake kunaweza kumwangusha.

Vipimo

Damu ya kawaida inaweza kutoa fununu: sodiamu iko chini, sukari iko chini, na kwa Addison potasiamu iko juu. Kipimo chenyewe ni kotisoli ya asubuhi, damu itolewe saa 2 hivi. Ikitolewa saa 9 mchana jibu linapotosha, maana muda huo kotisoli ni ndogo kwa kila mtu. Ikiwa chini ya nanomoli 100 kwa lita moja, tatizo lipo karibu kwa hakika. Ikiwa katikati, hufanywa kipimo cha kuchochea: sindano ya mikrogramu 250 ya homoni inayoamuru tezi, kisha damu inapimwa tena baada ya dakika 30 au 60 kuona kama tezi zimeitika. Si kila hospitali ya wilaya ina vipimo hivi, mara nyingi sampuli hupelekwa hospitali ya rufaa au maabara kubwa binafsi. Anayetumia prednisoloni anatakiwa kuuliza kwanza kabla ya kupima, kwa sababu mashine nyingi huisoma kama kotisoli.

Tiba ya kila siku

Tiba ni kurudisha kile kilichokosekana. Haidrokotisoni ya vidonge, miligramu 15 hadi 25 kwa siku, imegawanywa mara 2 au 3, dozi kubwa ikiwa ile ya unapoamka tu. Wenye Addison huongezewa fludrokotisoni kwa ajili ya chumvi, kawaida miligramu 0.05 hadi 0.2. Vidonge vya haidrokotisoni huku kwetu ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo wengi hutumia prednisoloni miligramu 3 hadi 5 kwa siku, inayopatikana hadi duka la dawa la kijijini kwa bei ndogo. Inafanya kazi. Ila haifanyi kazi ya aldosteroni vya kutosha, hivyo mgonjwa asiyepata fludrokotisoni asije akakatazwa chumvi. Ule wimbo wa "punguza chumvi" ni wa wenye presha ya kupanda, huyu hamhusu.

Dawa ni ya maisha kwa mwenye Addison. Hakuna maombi wala mizizi inayoruhusu kuiacha ukijisikia vizuri, maana unajisikia vizuri kwa sababu unaimeza.

Siku ya kuumwa

Sasa turudi kwenye ile kazi ya kuongeza. Mwili wako hauwezi kuongeza wenyewe, kwa hiyo unaongeza wewe. Ukipata homa, iwe malaria, kifua au UTI, dozi ya siku huongezwa mara 2 au 3 mpaka homa iishe, kawaida siku 2 au 3, kisha unarudi kwenye dozi yako. Mwombe daktari akuandikie mpango huo ukiwa mzima, usisubiri usiku wa manane. Ukitapika kidonge, meza kingine. Ukitapika tena, vidonge havina kazi, hapo ni sindano, na ni kuondoka kwenda hospitali muda huo huo. Kusubiri kupambazuke ndiko kunakoua watu.

Upasuaji, kung'oa jino kwa shida, kujifungua: mwambie mhudumu mapema. Hata aliyeacha steroidi miezi michache iliyopita aseme.

Mwezi wa Ramadhani uzungumze na daktari wako kabla ya mwandamo. Baadhi hubadilishiwa dawa au saa za kumeza na wakafunga salama, wengine hatari yao ni kubwa na huambiwa wasifunge. Ukiwa umefunga na ukaanza kutetemeka, kutapika au kuishiwa nguvu, fungua. Dini imempa mgonjwa ruhusa.

Tembea na kikaratasi kwenye pochi, kimeandikwa kwa kalamu inayosomeka: "Ninatumia steroidi kila siku. Nikizimika nichomwe haidrokotisoni miligramu 100 haraka." Weka pia kwenye skrini ya simu, pale panaposomeka bila kufungua.

Kwa mhudumu wa zamu

Mgonjwa mwenye presha ya chini isiyopanda kwa dripu, anatapika, tumbo linauma, sukari iko chini, na kuna historia ya steroidi, mkorogo, TB au uso wa mviringo: fikiria adrenali. Haidrokotisoni miligramu 100, kwenye mshipa au kwenye msuli, hapo hapo. Dripu ya normal saline, lita moja ndani ya saa ya kwanza kwa mtu mzima, na sukari kama imeshuka. Kisha haidrokotisoni miligramu 50 kila baada ya saa 6. Kama kuna nafasi chukua damu ya kotisoli kabla ya sindano, lakini usisubiri majibu. Ukikosea, dozi moja haitamdhuru. Usipochoma na ikawa ndiyo yenyewe, hutapata nafasi ya pili. Na dawa hii mara nyingi tayari ipo kabatini, ile ile mnayochoma wagonjwa wa pumu.

Magonjwa mengine ya tezi hizi

Kotisoli ikizidi bila mtu kumeza chochote, huwa kuna uvimbe, ama kwenye adrenali yenyewe au kwenye pituitari. Harvey Cushing aliueleza ugonjwa huo wa pituitari mwaka 1932. Dalili ni zile zile za uso wa mwezi, na tiba kuu ni upasuaji. Baada ya upasuaji mgonjwa huhitaji steroidi kwa muda, kwa sababu ile iliyobaki ilikuwa imelala.

Aldosteroni ikizidi, presha inapanda na mara nyingi potasiamu inashuka. Jerome Conn aliieleza hali hii mwaka 1955. Kama unameza dawa tatu za presha na haishuki, au presha imekuanza ukiwa kijana, uliza kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini. Uvimbe wa upande mmoja unaweza kutolewa, na wengine hupewa spironolaktoni, dawa ya bei ya kawaida.

Uvimbe wa kiini cha ndani ni nadra lakini mkorofi. Presha inapaa kwa vipindi, kichwa kinagonga, jasho linatoka, moyo unadunda, kisha inapita. Wengi huambiwa wana wasiwasi au mapepo. Unatibiwa kwa upasuaji, ila kwanza mgonjwa huandaliwa kwa dawa maalumu za kulegeza mishipa. Kuanza na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo kabla ya hizo ni hatari.

Ukiona kwenye mtandao wanauza virutubisho vya "uchovu wa adrenali", ujue ugonjwa wa jina hilo hautambuliki kitabibu. Ni biashara.

Mtoto mchanga

Kuna watoto wanaozaliwa na kasoro ya kurithi, adrenali zao haziwezi kutengeneza kotisoli vizuri na badala yake zinamwaga homoni za kiume. Duniani ni kama mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000. Msichana anaweza kuzaliwa na kisimi kikubwa kiasi kwamba mkunga anashindwa kusema ni wa kike au wa kiume, au anatangazwa mvulana. Wa kiume anaonekana wa kawaida kabisa, ndiyo maana yeye ndiye hufa kimya kimya. Katika wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika, hanyonyi, hakui, analegea, sodiamu imeshuka na potasiamu imepanda. Wanasema ni kuhara, ni mchango, ni jicho.

Familia zenye mtoto ambaye jinsia haijaeleweka mara nyingi humficha, na kumficha ndiko kunamnyima haidrokotisoni, fludrokotisoni na chumvi kidogo ambazo zingemkuza akaenda shule kama wenzake. Jina na kanzu au gauni vinaweza kusubiri majibu ya vipimo. Upasuaji wowote wa sehemu za siri si wa dharura. Kotisoli na sodiamu ndizo za dharura, zipimwe wiki hiyo hiyo.

Wazazi wote wawili huwa wanabeba kasoro hiyo bila dalili, kwa hiyo mama hana kosa zaidi ya baba, na kila ujauzito unaofuata una uwezekano wa asilimia 25. Kama mliwahi kupoteza mtoto wa kiume ndani ya mwezi wa kwanza kwa kutapika, na sasa kuna mwingine tumboni, mwambieni mkunga kliniki ijayo.